Kalamu ya Kukodiwa na Maji ya Chekalini: Mchoraji Katuni na Taswira za Mazingira



Mada niliyopewa niizungumze mbele yenu yahusu mchoraji katuni aliyeagizwa kwa ujira achore mito, chemchemi, vinamasi na viumbe vya mahali fulani. Na maadamu tumekutana Chekalini, nchi ya mahindi na miwa ambayo maji yake, ya mvua na ya chemchemi, huteremkia bonde la mto Nzoia, si insafu niizungumze kana kwamba ni habari ya ng'ambo. Hoja yangu ni moja, nami naitamka mapema ili msikilizaji asipate taabu ya kuitafuta: anayeagiza katuni hununua kazi ya mkono wa msanii, walakini hanunui hukumu ya jicho lake, na akijaribu kuinunua hukumu hiyo atarudi nyumbani na pambo la ukutani.

Aina mbili za michoro

Sharti kwanza tutenge vitu viwili ambavyo aghalabu huchanganywa. Kuna mchoro wa elimu, ambao fadhila yake ni uaminifu: ua lenye petali tano lisipewe sita, wala jani la ncha kali lisichorwe butu. Joy Adamson, aliyefika Kenya mwaka 1937, na ambaye wengi humjua kwa kisa cha simba jike aitwaye Elsa, alichora mamia ya mimea ya Afrika Mashariki kwa rangi ya maji, na mwaka 1947 Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza ikamtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Baadaye serikali ya kikoloni ikamwagiza achore sura na mavazi ya makabila ya nchi hii. Kazi ya namna hiyo ina heshima yake, na mtaalamu wa mimea hawezi kuikosa. Lakini katika picha ya ua peke yake, juu ya karatasi nyeupe, hamna mtu aliyelikanyaga wala aliyelimwagilia maji.

Katuni ni jamaa wa mbali wa mchoro huo. Yenyewe hukuza pua na kufupisha miguu, huweka maneno kinywani mwa ndege, na kwa kupotosha umbo hunyoosha maana. Wasomaji wa Taifa Leo walilijua jambo hili kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye kwa miongo mingi aliwachekesha watu kwa vituko ambavyo kila mmoja alidhani ni vya jirani yake. Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya katika miaka ya 1960, alishirikiana na Hilary Ng'weno kuanzisha jarida la Joe mwaka 1973, wakamfanya raia wa kawaida wa mjini kuwa ndiye shujaa wa kichekesho. Na mwaka 1994 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ikatoa The Struggle for Nairobi, kitabu cha Hirst kinachosimulia kwa katuni historia ya mji ule. Nairobi, tukumbuke, ilianza kama kambi ya reli iliyopigwa mwaka 1899 kwenye ardhi ya kinamasi kando ya mto, na ugomvi wake juu ya maji safi, maji taka na nani akae wapi ulizaliwa nao. Hapo ndipo tuonapo faida ya kumpa mchoraji katuni kazi ya mazingira: mto hauwi mandhari tu; huwa na wenyewe, na wenye kuutumia, na wenye kuudhulumu.

Maudhui yaliyo mbele yetu

Tuchukue mfano wa korongo taji. Ndege huyu, mwenye taji la manyoya ya dhahabu utosini, shavu jeupe na kishungi chekundu chini ya koo, hujenga kiota chake kwa matete na nyasi katika maji ya kina kifupi, kisha huwaongoza makinda wake mashambani kutafuta wadudu na nafaka. Maana yake ni kwamba anahitaji kinamasi na shamba kwa pamoja, na sisi tumekuwa tukikigeuza kinamasi kuwa shamba. Mwaka 2012 wataalamu wa ulimwengu walimwandika katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Mchoraji wa elimu atatuchorea taji hilo unywele kwa unywele, nasi tutalistaajabia. Mchoraji katuni atamsimamisha korongo huyo kwenye foleni ya chemchemini, nyuma ya akina mama wenye mitungi ya lita 20, taji kichwani na mtungi mtupu mguuni, na mbele yake ataweka mzee mwenye jembe aliyelima mpaka ukingoni, akimwuliza mfalme huyo kama ana hati ya kiwanja. Mistari haizidi ishirini. Na mwenye shamba la namna ile, akiiona picha, atacheka kwanza kisha anyamaze.

Au tutazame jambo dogo zaidi, ambalo kila mkulima wa hapa analijua. Mtu amemaliza kunyunyizia mahindi dawa ya viwavi; jua limepanda; bomba liko mgongoni na mkanda umemkata bega. Anashuka kijitoni, anafungua kifuniko, anasukasuka maji ndani ya bomba na kuyamwaga pale pale, juu kidogo ya mahali ambapo mtoto wa jirani anakinga mtungi. Hana nia mbaya, kwani amefundishwa kwamba bomba lisipooshwa huziba. Hotuba ya saa nzima juu ya sumu na viumbe vya majini haitamwingia kama picha mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu: katika ya kwanza anaosha bomba, katika ya pili anakunywa chai nyumbani kwa huyo jirani, na mvuke wa kikombe umechorwa kwa umbo la kiwavi aliyekufa.

Kadhalika ziko hesabu za sheria, ambazo karatasini ni kavu. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitaja ukanda wa kando ya mto usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto. Mita 6 ni kitu gani kwa mtu asiye na kamba ya kupimia? Mchoraji atamchora mwalimu wa shule akihesabu hatua kutoka ukingoni, moja mpaka nane, na kwenye hatua ya tatu amejikwaa juu ya shina la mkalitusi.

Tena mchoraji aliyeagizwa asiishie mpakani mwa kata. Nzoia una urefu unaozidi kilomita 250, watoka milima ya Cherangani na mlima Elgon, wapokea maji ya Kipkaren na mito mingine, wapita Webuye, ambako kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi mwaka 1974 kiliuachia mto taka zake kwa miaka mingi, kisha waingia Ziwa Viktoria katika nchi ya Budalangi, ambako watu wamejenga kuta za udongo kuzuia mafuriko, na kuta hizo zimepasuka zaidi ya mara moja. Njia hiyo hiyo ndiyo ya samaki aitwaye ningu, ambaye mvua zikijaza mito huacha ziwa na kupanda kwenda kutaga, na ambaye amepungua sana kwa kutegewa nyavu katika safari yake ya uzazi. Udongo mwekundu unaoondoka katika shamba la mlimani hauwi hasara ya mwenye shamba peke yake. Huwa msiba wa mtu wa bondeni asiyemjua hata kwa jina. Katuni yaweza kuwakutanisha watu hao wawili katika mraba mmoja wa karatasi, jambo ambalo ramani haijaliweza.

Juu ya mkataba

Hapa ndipo penye mtihani. Mwagizaji, awe ofisi ya kaunti, shirika, shule au kiwanda, aghalabu hupenda picha ya mto unaometameta, watoto wanaocheka, na nembo yake pembeni. Anachelea kumwudhi mkulima, na zaidi ya hapo anachelea kujiudhi mwenyewe. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Msanii naye ana kodi ya nyumba na karo ya wanawe, na kalamu yenye njaa hujifunza upesi kupinda. Sisemi haya kumlaumu yeyote. Nasema ili yaandikwe mapema, kabla wino haujafunguliwa.

Na tuijue sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 husema kwamba kazi iliyoagizwa haki yake humhamia mwagizaji, ila wenye mkataba wakiwa wamepatana vingine. Lakini sheria hiyo hiyo humwachia msanii haki za kimaadili, yaani kutajwa kuwa mwenye kazi, na kukataa kazi yake isiharibiwe kwa namna itakayomvunjia heshima. Kwa hiyo msanii asiyesoma karatasi aliyotia sahihi aweza kuikuta katuni yake ya korongo kwenye mfuko wa mbolea, wala asiwe na dai la malipo. Ilhali aliyesoma aweza kuomba kwa sentensi moja kwamba picha zitumike kwa elimu ya watu wa bonde hili tu, na matumizi mengine yapatanwe upya.

Mapendekezo

Alhasili, napendekeza mambo manne. Mosi, mchoraji anayeagizwa alipwe pia siku za kutembea mtoni pamoja na wenyeji, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, maana mto hauna sura moja. Pili, mtu mwenye elimu ya ndege, samaki na maji azisahihishe picha kwa upande wa ukweli wa viumbe, wala asiziguse kwa upande wa tashtiti. Tatu, picha zitundikwe sokoni, kwenye kinu cha kusagia, shuleni na kanisani, mahali ambapo watu wanaochorwa hupita, wala zisifungiwe katika taarifa ya mwaka. Nne, ambalo kwangu ndilo kubwa, mkataba useme wazi kwamba malipo hayategemei kufurahi kwa mwagizaji, na kwamba mwagizaji mwenyewe hajatengwa na orodha ya wanaoweza kuchorwa. Asiyeweza kutia sahihi sharti hili la nne na amtafute mpaka rangi. Wapo wengi, na bei yao ni nafuu.