Kabla Hujalipa Ada ya Uhazili

Msikilizaji, leo nasema nawe unayetamani kuwa katibu mahsusi serikalini. Hapa Tanzania, matangazo ya kazi hiyo yamekuwa yakidai ufaulu wa hatimkato (mwandiko wa haraka wa alama), Kiswahili na Kiingereza, kwa kasi maalumu ya maneno kwa dakika, pamoja na cheti cha kompyuta. Hebu fikiria: mwenyekiti anaongea, kalamu inakimbia kwa vistari na mikunjo, na hakuna neno linalokuponyoka. Mkono hauzoei hayo kwa wiki mbili! Utahitaji mafunzo chuoni; kwa hiyo, kabla hujalipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Inaniuma mzazi kuuza magunia ya mahindi kulipia cheti kisichotambulika. Na siku ya usaili, beba vyeti halisi.