Ndege katika Dohani

Neno letu leo ni dohani, yaani bomba la moshi juu ya nyumba. Kule Lushoto kwenye baridi mtaziona katika nyumba za zamani.

Bundi hupenda kukaa humo. Akianguka ndani hana nafasi ya kukunjua mabawa, naye hufa kwa njaa. Ndege wengine huziba dohani kwa viota. Hapo moto hujaza chumba hewa ya sumu isiyo na harufu, ikaua watu usingizini.

Basi, makinda wakisharuka, funika mdomo wa dohani kwa wavu wa waya, si bati, moshi upite. Ukisikia mabawa ndani, usiwashe moto. Tia chumba giza, acha dirisha moja wazi. Akishuka atafuata mwanga. Na bundi msimpige. Si mchawi, ni mla panya.

Sasa andikeni: dohani, kiota, wavu.