Wajibu wa Makanisa Juu ya Mapigo Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Sote twaijua Nzoia. Inapobomoa tuta, kama ilivyofanya mwaka 2007, milango ya makanisa na shule hapa Budalang'i hufunguliwa, wala hakuna amwulizaye aliyelowa amekosa nini hata maji yakamfuata. Lakini mwanamke akiikimbia fimbo ya mumewe usiku, swali la kwanza ndilo hilo: "Umemkosea nini?"

Twakiri kwamba hata sisi tumeketi katika mabaraza ya kanisa, tukamwombea mwanamke wa namna hiyo, tukamwambia avumilie, kisha tukamrudisha kwa mumewe. Mmoja alitujia tena baada ya majuma mawili, mkono umevunjika. Tuliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyotusimamisha mbele yenu leo.

Jambo hili si la nyumba moja. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 34 wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Tena Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani haitaji mapigo tu; yataja pia kumrithi mjane kwa nguvu. Hayo si mageni kwetu.

Basi twayaomba makanisa mambo matatu. Kwanza, wachungaji na mapadre wahubiri waziwazi kwamba ndoa haihalalishi fimbo. Pili, vyama vya akina mama vya kanisa viwe na nyumba ambamo mwanamke na watoto wake watalala salama. Tatu, aliyejeruhiwa apelekwe kwanza hospitali na polisi, apate fomu ya P3, au ipigwe simu 1195 isiyo na malipo. Mahakama nayo yaweza kutoa amri ya kumkinga. Mashauri ya kanisa yafuate baadaye, wala yasichukue nafasi ya sheria.

Wengine watasema twavunja ndoa. Sivyo, wazee wetu. Aivunjaye ni yule ainuaye fimbo. Mlango ufunguliwao wakati wa mafuriko na ufunguliwe usiku huo pia.

Twawasihi myajadili maneno haya kabla mkutano haujafungwa.