Ramani ya Kiwanja Kabla ya Kuuza

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa kwa wenye mashamba na viwanja nchini Kenya.



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya ramani ya ardhi ambayo mwenyewe anataka kuiuza. Wengi hudhani kwamba aliye na hati mkononi ana kila kitu. Lakini hati hutaja jina la mwenyewe, nambari ya kipande na ukubwa wake. Mahali kipande kilipo, umbo lake na majirani wake huonyeshwa na ramani. Basi auzaye bila kuitazama ramani auza kitu asichokijua.

Kuna ramani za namna mbili. Mashamba mengi yaliyoandikishwa tangu miaka ya 1950, mashamba yalipoanza kukusanywa pamoja, yamo katika ramani moja ya eneo zima. Mipaka yake ni ya kukadiria, nayo hufuata ua, mfereji au kijito. Namna ya pili ni ramani ya kipande kimoja, iliyopimwa kwa vyombo, yenye urefu wa kila upande na alama za mawe ya mpaka, yaani bikoni. Mwenye kuuza yampasa kujua kwanza ni ipi iliyo yake. Chini ya Sheria ya Kuandikisha Ardhi ya mwaka 2012, ugomvi wa mpaka wa kukadiria hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi, wala si mahakamani.

Kusoma ramani si kazi ngumu. Tazama kipimo chake. Ikiwa ni 1 kwa 2,500, sentimita 1 ya karatasi ni mita 25 za shamba. Mstari wa wino wenye unene wa nusu milimita hufunika zaidi ya mita 1 ya udongo! Ndiyo sababu haifai kumwonyesha mnunuzi mpaka kwa kidole juu ya karatasi.

Uangalieni ukubwa pia. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huitwa na wengi robo ya nusu eka. Hesabu yasema sivyo: kiwanja hicho kina futi za mraba 5,000, hali robo ya nusu eka ni 5,445. Katika hati utaona hektari, na hektari 1 ni karibu eka 2 na nusu.

Tuseme mtu amekata nusu eka ya shamba lake kwa kuhesabu hatua. Mnunuzi ajenga nyumba ya mawe, kisha mpima ardhi afika na kuona kwamba ukuta mmoja umesimama katika shamba la jirani. Fedha zimekwisha lipa karo ya watoto. Ni nani atakayezirudisha? Nyumba tatu zitakosana, na watoto watarithi ugomvi.

Kwa hiyo fuateni utaratibu huu. Kwanza, ombeni katika ofisi ya Msajili wa Ardhi uchunguzi rasmi wa nambari yenu, mwone kama kuna deni au zuio. Na nakala ya ramani mwitafute katika ofisi ya upimaji. Pili, itembeeni mipaka yote pamoja na majirani. Tatu, kama mnauza sehemu tu, mwiteni mpima ardhi mwenye leseni. Yeye ndiye atakayetengeneza mchoro wa mgawanyo. Nambari ya zamani hufungwa, na kila sehemu hupewa nambari yake. Nne, ardhi ya kilimo yahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu mapatano. Ikiwa ni mali ya ndoa, mume au mke naye sharti akubali.

Mwisho, mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya shahidi, na yataje nambari ya kipande. Nakala ya ramani ishikanishwe nayo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye ardhi, ramani ni sehemu ya daftari hilo. Aisome yeye mwenyewe kabla hajapokea hata shilingi moja.