Muulize, Usimhukumu

Ndugu zangu vijana mliofika hapa Milimani, Kisumu, na nyinyi mnaotufuatilia kwenye ukurasa huu.

Leo naongea juu ya jambo tunalolinong'ona tukitoka makaburini: kujiua.

Hadi majuzi hapa Kenya, aliyejaribu kujiua akanusurika alikuwa mshtakiwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimtishia hadi miaka miwili jela. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Utafiti unaingiaje hapo? Mtu akiogopa polisi, hasemi ukweli hospitalini. Asiyesema hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi huduma.

Tafiti zimetufunza mawili. Kwanza, kumuuliza mtu waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" hakumtilii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu. Pili, si lazima anayesaidia awe daktari. Kule Harare, Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi, wawasikilize. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Na sisi Waislamu je? Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa 2021 uliwakuta Waislamu wakisema wamewahi kujaribu kujiua mara mbili zaidi ya Waprotestanti. Hiyo si takwimu ya Kisumu, lakini inatuamsha: kuswali hakumaanishi mtu hana maumivu. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakapofuka, na hakuna anayethubutu kusema imani yake ilikuwa haba. Basi mbona twamwambia hivyo barobaro wetu?

Kwa hivyo wakija watafiti na maswali, jibuni kweli. Lakini daini haki zenu: muombwe ridhaa, siri yenu ilindwe, na matokeo yarudishwe mtaani.

Na usiku huu, kuna mwenzako amenyamaza siku nyingi. Mpigie. Muulize. Akikubali kwamba ana wazo hilo, usimuache peke yake: mpeleke hospitali, au mpige pamoja 1199, laini ya bure ya Kenya Red Cross. Na kama ni wewe, piga wewe. Hujakufuru kwa kuomba msaada.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote. Wassalaam.