Mwenye Mashua ni Mwanamke



Askari wa doria anayesimamisha mashua usiku katika Ziwa Victoria, kati ya mwalo wa Ggaba na visiwa vya Koome, huwakuta ndani yake wanaume watatu au wanne, pamoja na nyavu, kasia na injini. Akiuliza mwenye chombo ni nani, mara nyingine jibu humshangaza: mwenye chombo yuko nchi kavu, naye ni mwanamke. Wale wanaume ni mabaria tu, neno ambalo kila ajuaye Kiswahili atalitambua kuwa ni baharia lililofupishwa na wavuvi wa Uganda. Basi jambo lolote atakalolitenda askari huyo juu ya mashua ile, la haki au la dhuluma, litamwangukia mtu asiyekuwapo mbele yake.

Desturi za ziwani hazikumpa mwanamke nafasi katika chombo. Wazee wa mialo mingi walifundisha kwamba mwanamke akikanyaga mashua, hasa akiwa katika siku zake, samaki hukimbia na nyavu hurudi tupu. Kazi yake ilikuwa kumngoja mvuvi ufukoni, kununua, kukausha na kuuza. Kungoja huko kulikuwa na taabu ya namna moja kwa muda wote samaki walipokuwa chakula cha nyumbani na bidhaa ya soko la jirani. Kuligeuka kuwa taabu ya namna nyingine tangu miaka ya 1980 na 1990, viwanda vya kukata minofu ya sangara vilipojengwa na samaki huyo akaanza kupelekwa Ulaya. Fedha ziliingia mialoni, na zilimfuata mwenye mashua. Asiyekuwa na mashua alibaki kugombea masalio, na wako wanawake waliotakiwa watoe miili yao ndipo wauziwe samaki. Kenya mtindo huo huitwa jaboya, na umechangia sana kuenea kwa ukimwi kando ya ziwa.

Katosi, katika Wilaya ya Mukono, wanawake waliamua kutongoja. Mwaka 1996 waliunda chama chao, ambacho leo hujulikana kama Katosi Women Development Trust, na ambacho kwa miaka mingi kimeongozwa na Bibi Margaret Nakato. Walikopeshana fedha, wakanunua mashua na nyavu, wakaajiri mabaria. Haikuwa hisani ya mtu. Ilikuwa biashara yenye deni na marejesho. Yafaa ikumbukwe kwamba hakuna sheria ya Uganda iliyowahi kumkataza mwanamke kumiliki mashua. Aidha, kanuni za usimamizi wa mialo za mwaka 2003 zilitaka wanawake wawemo katika kamati za mialo. Kilichowazuia hapo kwanza kilikuwa mtaji na maneno ya watu.

Hata hivyo, kumiliki bila kusafiri ni kumiliki nusu. Mavuno yakirudi, hutolewa kwanza gharama ya petroli na chakula, kisha kinachosalia hugawanywa baina ya mwenye mashua na mabaria. Lakini ni nani aliyeona mavuno hayo yakitoka majini? Mabaria wakipitia kisiwa kingine na kuuza nusu ya samaki, mama aliyeko Katosi hupewa habari ya upepo mbaya. Wakisema nyavu zimeibwa, hana shahidi ila hao hao wanaosema. Mwanamume mwenye mashua naye huibiwa hivyo, lakini akishuku anaweza kuingia chomboni kesho yake bila mtu kunong'ona. Ndiyo maana suala la mwanamke kushika usukani mwenyewe si mzaha wa watu wa mjini wanaokwenda kupunga upepo Munyonyo siku za Jumapili. Ni suala la hesabu.

Sasa waje askari. Mwaka 2017 kikosi cha jeshi kilipelekwa ziwani kupambana na uvuvi haramu, na kazi hiyo ilikuwa na sababu yake: sangara walikuwa wakivuliwa wachanga, na viwanda vilikuwa vikifungwa. Mashua fupi kuliko futi 28 zilikamatwa, na nyingi zilichomwa moto. Malalamiko ya ukatili yalifika mpaka Bungeni. Katika malalamiko hayo alisahauliwa kwa urahisi yule mwenye chombo ambaye hakuwamo chomboni. Baria ambaye mashua yake imechomwa hutafuta ajira kwenye mashua nyingine. Mama aliyekopa ili ainunue hubaki na deni lile lile. Kama chombo chake hakikutimiza sheria, sheria ichukue mkondo wake mahakamani. Kosa ni la kuandikwa jina na kusomewa shtaka, na moto si hati ya mashtaka.

Ng'ambo ya mpaka, mwalo wa Nduru karibu na Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kupewa mashua ili waepukane na jaboya, wakisaidiwa kwanza na mtu wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani. Wao pia waliwaajiri wanaume wa kuvua. Mbao za mashua zilichakaa, na mwaka 2020 ziwa lilifurika hata kijiji chenyewe kikahamwa. Mwezi Mei mwaka huo kipimo cha Jinja kilifikia mita 13.42, kikapita kile cha mwaka 1964. Mashua ya mbao bila fedha ya kuitengeneza ni mali ya miaka michache tu, awe mwenyewe mwanamume au mwanamke.

Anayedai kwamba mwanamke hana nguvu za maji na amtazame Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini. Septemba 2022 aliondoka Ufaransa peke yake katika jahazi la tanga, kwa mashindano ya kuizunguka dunia bila vyombo vya kisasa vya kuongozea njia. Novemba aligeuza njia, akamwokoa majini mshindani mwenzake, Tapio Lehtinen wa Finland, ambaye jahazi lake lilikuwa limezama katika Bahari ya Hindi ya kusini. Aprili 2023 alifika wa kwanza, baada ya siku 235. Hakuna baria aliyemsaidia.

Ziwani petu hatari haiulizi jinsia. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha starehe kilipinduka karibu na Mutima, Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Serikali ilitangaza kwamba hakikuwa na leseni. Hayo ndiyo ya kuulizwa. Polisi atakayemkuta mama ameshika usukani wa mashua yake alfajiri, amwombe leseni, apime urefu wa chombo, akague matundu ya nyavu na ahesabu majaketi ya kuokolea maisha. Yote yakiwa sawa, amwache apite upesi, kabla jua halijapanda na samaki hawajaharibika.