Wimbo Mrefu na Saa ya Redio

Wasikilizaji wetu wa Gombani na wa Pemba nzima, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya muziki utakao masikio yenye subira: taarabu ya asili ya kwetu, na muziki wa namna hiyo wa nchi nyingine.

Taarabu ilistawi Unguja tangu zama za Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Yasimuliwa kwamba alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 chama cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa mjini Unguja. Kisha, mwaka 1928, Siti binti Saad alisafiri hata Bombay, nyimbo zake za Kiswahili zikatiwa katika sahani za santuri.

Lakini sahani za siku hizo zilikuwa na mpaka: upande mmoja ulichukua kadiri ya dakika tatu tu. Wimbo mrefu ulilazimika kufupizwa, ama kugawanywa pande mbili. Huo ulikuwa udhaifu wa chombo, nayo redio haina udhaifu huo. Redio ya Misri ilimtangaza Umm Kulthum kwa miaka mingi, na wimbo wake mmoja uliweza kuchukua saa nzima. Kule New York, jumba la Metropolitan Opera lilianza mwaka 1931 kutangaza opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Nayo husikizwa tangu mwanzo hata mwisho.

Kwa nini twashika sana habari hii? Katika taarabu ya asili, kwanza ala hupigwa peke yake ili sikio litulie. Halafu huja beti, na mara nyingi fumbo la mtunzi hufumbuka katika ubeti wa mwisho. Asikiaye nusu hupata sauti, akakosa maana.

Mtu wa Gombani hawezi kuvuka bahari kila apatapo hamu, aende katika kumbi za mjini Unguja. Redio ndiyo ukumbi wake. Kwa hiyo twaona yafaa vituo vya kwetu vitenge saa moja kila juma kwa muziki huu. Mtangazaji aeleze kwanza mtunzi ni nani, ala ni zipi, na maneno magumu yana maana gani. Kisha anyamaze, wimbo uishe.

Nanyi wasikilizaji mnayo kazi yenu. Waiteni watoto wakae karibu, muwaulize: sauti hii ni ya udi au ya fidla? Waombeni wazee wawafumbulie mafumbo wayajuayo. Kisha waandikieni watangazaji, mtaje wimbo mnaoutaka, na mtake upigwe wote. Wimbo usioulizwa na mtu hukaa kabatini. Na wenye kuujua wakiisha kufa, hata ukipigwa tena, hapatakuwa na wa kutueleza ulisema nini.

Mwacha mila ni mtumwa.